Sabufa Imemmeza Mpiga Cheli

Niseme mapema, ili asiyetaka ugomvi ashukie hapa: sabufa si chombo cha kusikilizia muziki wa nyuzi. Ni chombo cha kutikisia madirisha. Na wale wanaotuuzia spika za mamilioni zenye nembo ya dhahabu ya Hi-Res Audio, eti ndiyo dawa ya ugonjwa huo, nao wanatuuzia maneno. Kambi ya kwanza hupima muziki kwa mtetemo wa sakafu. Kambi ya pili huupima kwa tarakimu ambazo sikio la binadamu halizifikii. Katikati ya kambi hizo kuna kitu kimeachwa yatima, nacho ni sauti ya katikati yenyewe, ile isiyo mvumo wa chini wala mluzi wa juu. Fidla huishi huko. Cheli huishi huko. Mimi na wewe tukizungumza, tunaishi huko.

Mimi si fundi wa spika. Ni mwanafunzi wa uzamili wa isimu, mwaka wa pili, na fani yangu ni fonetiki. Siku nzima nakaa mbele ya kompyuta nikipima irabu za watu. Kazi hiyo imenifundisha jambo moja ambalo wauza spika hawapendi kulisema. Chukua irabu "i" na irabu "u". Huku chini zinafanana sana, zote zina nguvu karibu na Hz 300. Kinachozitenganisha kiko juu zaidi: "u" ina kilele kingine chini ya Hz 1,000, na "i" ina chake kinachopita Hz 2,000. Futa eneo hilo la juu, na "pita" itaanza kusikika kama "puta". Maneno yamebaki na mvumo wake, maana imeondoka.

Vyombo vya nyuzi hufuata sheria hiyohiyo. Uzi mnene kabisa wa fidla, ukipigwa wazi, hutoa Hz 196. Ule mwembamba hutoa Hz 659. Cheli huanzia Hz 65 hivi, na dabal besi Hz 41. Lakini hizo ni sauti za msingi tu. Kila noti huja na wafuasi wake: mara mbili ya masafa yake, mara tatu, mara nne, na kuendelea hadi maelfu ya Hz. Wafuasi hao, na namna kila mmoja anavyopanda na kushuka nguvu, ndio wanaokuambia kwamba hii ni fidla na ile ni nai, ijapokuwa zote zinapiga noti moja. Ndio wanaokuambia kama upinde umekandamizwa au umepitishwa kama unyoya. Ndio wanaokuwezesha kusikia kwamba fidla ni sita na si moja. Spika ikiwavuruga wafuasi hao kati ya Hz 200 na Hz 5,000, hakuna kitu kingine inachoweza kukufanyia kikawa fidia.

Sasa tazama sabufa inavyofanya kazi. Nazungumzia ile ya kawaida iliyoko sebuleni na getoni kwetu: kasha moja kubwa sakafuni na vispika vidogo viwili au vinne pembeni. Kasha hubeba sauti za chini, mara nyingi hadi karibu na Hz 150 au 200. Vispika huachiwa zilizobaki. Lakini kispika chenye koni ya inchi tatu, ndani ya plastiki nyembamba, huwa kimeishiwa pumzi kabla hakijashuka kufika mahali kasha lilipoishia. Katikati yao hubaki shimo. Chini ya shimo, kasha lina tundu lililopimwa livume kwa nguvu katika masafa machache, kwa hiyo noti tofauti za besi hutoka zikiwa zimevaa sare moja: dum, dum, dum. Juu ya shimo, vispika vingi havina twita, na koni hiyohiyo ndogo hulazimishwa kufanya kila kitu, ikipiga kelele ya bati.

Cheli huanza kuimba mahali hasa lilipo shimo. Noti zake za chini humezwa na kasha na kutolewa kama mvumo wa jumla. Zile za juu hutupwa kwenye plastiki. Fidla nazo, zikiwa zimenyang'anywa nyama yao ya chini, hubaki mfupa mtupu, na mfupa wa fidla ni mkali. Kisha tunasema orkestra ya nyuzi "ina kelele" na "inachosha masikio". Orkestra haijafanya kosa lolote hapo.

Ukitaka kuona tulivyofundishwa kupima, nenda Kariakoo. Nimeingia maduka kadhaa mwaka huu, na kila duka lilinipokea kwa ibada ileile. Muuzaji anachomeka flashi yake, anaweka amapiano au singeli, anazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, kisha anakutazama usoni badala ya kuitazama spika. "Dada, sikia mzigo huo. Besi ya kufa mtu." Nilipoomba niweke muziki wangu, kijana mmoja alikubali vizuri tu. Fidla zilipoanza, alipeleka mkono haraka kwenye besi, kama mtu anayemfunika mgeni aliyevaa vibaya. Alikuwa anajaribu kunisaidia. Simlaumu. Yeye huuza kile ambacho sisi wateja tumemfundisha kukiuza.

Halafu kuna wati. Juu ya boksi limeandikwa PMPO na tarakimu yenye sifuri za kutosha kuwasha mtaa. PMPO haina kipimo kilichokubaliwa na mtu yeyote; kila kiwanda hujipikia chake. Ukitaka ukweli, geuza kasha usome kibandiko cha nyuma, kile kidogo kinachosema chombo kinatumia umeme kiasi gani. Kama kinavuta wati 60 ukutani, hakiwezi kukurudishia wati 5,000 za muziki, hata kikiombewa. Kipimo cha kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa bila kukatika. Na kwa chumba cha mwanafunzi, wati 20 za kweli kwa kila upande zinatosha na kubaki.

Hapo ndipo kambi ya pili huingia, imevaa suti. Wao wanakubali kwamba sabufa ni balaa, kisha wanakuelekeza kwenye "ubora wa juu". Nembo ya Hi-Res Audio inasimamiwa na chama cha sauti cha Japani, na spika inayoibeba inatakiwa ifike Hz 40,000 au zaidi. Sikio la kijana mwenye afya njema hukomea karibu na Hz 20,000, na kila muongo wa umri hulipunguzia. Kwa hiyo, nusu nzima ya sifa unayoilipia ni kwa ajili ya mbwa, paka na popo. Sisemi kwamba spika zenye nembo hiyo ni mbaya. Nyingine ni nzuri sana. Nasema nembo haikuambii lolote kuhusu Hz 200 hadi 5,000, na huko ndiko fidla itakakofia au kupona.

Wala hoja hii si ya kubuni mezani. Mwaka 2007, Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: waliwachezea watu rekodi za ubora wa juu, kisha rekodi hizohizo zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila wasikilizaji kujua ipi ni ipi. Katika majaribio 554, walipatia 276. Ungerusha shilingi hewani ungepata vivyo hivyo. Mwaka 2016, Joshua Reiss wa London alikusanya tafiti nyingi za namna hiyo na kupata kwamba watu walipatia kwa asilimia 52.3. Haki yake nimpe: tofauti ipo, na waliopewa mafunzo waliisikia zaidi. Lakini ni tofauti ya asilimia mbili na ushei juu ya kubahatisha, wakati tofauti ya spika na spika mtoto wa darasa la pili ataisikia akiwa chumba cha pili.

Wenye kujua wamelijua hili muda mrefu. Miaka ya 1970, wahandisi wa BBC walitengeneza spika ndogo iitwayo LS3/5a, kwa ajili ya kukagua matangazo ndani ya magari yasiyo na nafasi. Wufa yake ina upana wa sentimita 11 hivi, na besi yake ni ndogo kiasi kwamba ungeipeleka dukani Kariakoo wangekurudishia. Lakini sauti ya mtu na sauti ya nyuzi hutoka ndani yake zikiwa na mwili, na nusu karne baadaye bado inatengenezwa na watu bado wanaililia. Kule Kanada, Floyd Toole alitumia miaka mingi akiwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Walipokuwa hawaoni bei, ukubwa wala jina, walichagua kwa wingi spika zenye mwenendo ulionyooka: zisizopendelea chini, zisizopendelea juu, na zinazotawanya sauti kwa ulaini pande zote. Masikio ya watu hayajaharibika. Yanaharibiwa na boksi.

Kwa nini nipigie kelele jambo la vifaa vya nyumbani, wakati kuna mengi ya kulilia? Kwa sababu sisi, tofauti na wengi, tuna muziki wa orkestra ya nyuzi ulio wetu. Mtu akitaja nyuzi, wengi wa rika langu huwaza Tchaikovsky na Serenade yake ya mwaka 1880, jambo la Ulaya, la filamu na la mazishi ya wakubwa. Lakini Ikhwani Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905. Taarab ya klabu za Unguja, iliyokua ikiitazama Cairo, ni safu ya fidla, cheli, dabal besi, ganuni na udi, pamoja na nai, akodiani na ngoma. Fidla zinapoijibu sauti ya mwimbaji kwa pamoja, zikiteleza katikati ya noti mahali ambapo kinanda hakina kitufe, hiyo ni orkestra ya nyuzi kwa maana zote. Haihitaji kibali cha mtu.

Na urithi huo wote umehifadhiwa katikati. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, kwenye sahani za santuri za wakati ule. Sahani hizo hazina mvumo wa chini wa maana, na huko juu kuna mchakato wa sindano tu. Alichotuachia Siti kimo katika ukanda mwembamba wa kati: sauti yake na nyuzi zilizomzunguka. Spika ya kufika Hz 40,000 haitamwongezea kitu, kwa sababu huko hakuna kitu. Sabufa nayo itamtafutia besi, isiipate, kisha itoe kilichobaki kupitia plastiki. Kaseti za klabu za miaka ya 1970 na 1980 ziko hivyohivyo. Hata zile rekodi safi ambazo GlobeStyle ya London ilizifanya Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, uzuri wake mkubwa hauko kwenye kishindo wala kwenye mluzi.

Mjomba wangu alipiga cheli kwa zaidi ya miaka ishirini katika klabu moja ya taarab huko Unguja. Vidole vimekataa sasa, lakini ana kaseti ya onyesho lao moja, na binamu yangu aliihamishia kwenye flashi. Idi ya mwaka juzi tulikuwa wengi nyumbani kwake, vijana wakaiweka kwenye sabufa ya sebuleni. Bashrafu ilianza. Mjomba aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akauliza:

"Cheli iko wapi?"

"Si hiyo inayovuma, mjomba?" binamu alijibu, akaongeza sauti.

"Hiyo dabal besi ya marehemu. Mimi mmeniweka wapi?"

Watu walicheka, naye akacheka. Kesho yake asubuhi alitoa kaseti yenyewe, akaiweka kwenye redio yake kuukuu ya chumbani, yenye spika moja pana na isiyo na kitufe chochote cha besi. Cheli ilikuwepo. Ilikuwepo muda wote, ikitembea chini ya fidla kama mtu anayemsindikiza mwenziwe gizani. Mjomba alisikiliza mpaka karibu na mwisho, halafu akanyoosha kidole kuelekea redio. "Hapo nilichelewa kuingia," alisema. Sabufa ilikuwa imemnyang'anya mpaka kosa lake.

Siwezi kusema kwamba sabufa ndiyo iliyowafukuza wapiga fidla. Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 ilishika kinanda kwa sababu zinazoeleweka: watu watano na kinanda ni rahisi kuwasafirisha, kuwalisha na kuwalipa kuliko orkestra ya watu ishirini. Lakini ili kinanda kikae mahali pa fidla bila mtu kulalamika, lazima kwanza wasikilizaji wawe hawasikii tofauti. Kwenye vyombo tulivyo navyo majumbani, tofauti ilikuwa imeshafutwa. Kijana wa leo anayesema fidla ni kelele hasemi uongo. Anaripoti kwa uaminifu kile alichokisikia. Ila hajawahi kusikilizishwa fidla.

Najua majibu yenu. La kwanza: dada, sisi tunacheza, hatusikilizi, tuachie besi yetu. Sina ugomvi na besi. Singeli bila besi ni mzaha, na kwenye shughuli ya mtaani kasha kubwa liko mahali pake. Ugomvi wangu ni na chombo kimoja cha kucheza kugeuzwa kuwa chombo pekee cha kusikilizia kila kitu, kuanzia Kurani na kwaya mpaka taarab ya mjomba.

La pili: haya ni mambo ya wenye pesa. Ni kinyume chake. Ada yangu inanijua, nami naijua. Sabufa mpya ya laki mbili na nusu ina bei sawa na jozi ya spika za mbao za mtumba na amplifaya ndogo, ukizitafuta kwa subira. Na kama hata hiyo huna, hedifoni za bei ya kawaida zikikukaa vizuri zitakupa sauti ya katikati safi kuliko sabufa yoyote ya dukani. Naomba tu zisiwe mwisho wa safari. Taarab ni muziki wa kukaa pamoja, mtu akainuka kwenda kutunza, na huwezi kutunza ukiwa peke yako masikioni.

Basi ukienda kununua, fanya hivi. Tafuta spika mbili zinazojitegemea, kila moja na wufa ya inchi tano au sita na nusu na twita yake, bila kasha la tatu. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: mbao nzito hujibu kwa ufupi, plastiki huimba, na spika inayoimba yenyewe itaimba juu ya kila fidla. Kwenye za mtumba, fungua kitambaa cha mbele uangalie ukingo wa koni; sponji kuukuu huoza, na hilo lipunguze bei. Kwenye amplifaya, weka besi na trebo katikati na uondoe mikono.

Chumba nacho ni nusu ya spika. Vyumba vyetu ni saruji, vigae na vioo, na sauti kali hugonga huko na kurudi kukukwaruza. Tandika mkeka au zulia, weka pazia nene, acha kitanda na rafu ya vitabu vifanye kazi. Spika zisikae pembeni kabisa mwa ukuta wala sakafuni. Ziinue mpaka twita zilingane na masikio yako ukiwa umekaa, ziachane kama mita moja na nusu au mbili, na wewe ukae kwenye ncha ya tatu ya pembetatu.

Kabla ya hayo yote, andaa flashi yako mwenyewe. Weka vitu vitatu. Cha kwanza, sauti ya mtu unayemfahamu, mama au rafiki, akizungumza, uliyoirekodi kwa simu chumbani kukiwa kimya. Kama dukani hasikiki kuwa yeye, spika hiyo inadanganya na hakuna fidla itakayoisamehe. Cha pili, orkestra ya taarab ambamo fidla na cheli hupishana. Cha tatu, wimbo wowote wa nyuzi ulioushiba kiasi kwamba unajua kinachofuata. Muuzaji akianza ibada yake, mwombe kwa heshima achomoe flashi yake achomeke yako. Akipeleka mkono kwenye besi, mzuie. Funga macho. Ukisikia kwamba fidla ni nyingi, na ukiweza kuifuata cheli kutoka mwanzo wa bashrafu hadi mwimbaji anapoingia, lipa. Usipoweza, mwambie asante kaka, chukua flashi yako, nenda duka linalofuata.